Chanuka: Jinsi ya Kugeuza Mchoro wa Vekta Kuwa Brashi Yako ya Kidijitali, Bila Kulipa Hata Ndururu

Wasee wa design, tuongee ukweli. Cheki poster kumi za mtaani leo, za gig, za kinyozi, za chama, za duka la viatu. Splash ya rangi ni ile ile. Moshi ni ule ule. Yale majani ya pembeni unayajua hadi usingizini. Sababu ni rahisi: sote tulidownload pakiti moja ya brashi za bure, na sasa kazi ya msee wa Kayole na ya msee wa Nyali zinakaa mapacha.

Dawa ipo na haina gharama. Unachora umbo lako mwenyewe kama vekta, unaligeuza kuwa brashi, na kutoka hapo kila mstari unaopiga una sahihi yako. Huhitaji laptop ya laki mbili. Huhitaji programu ya kulipia kila mwezi. Unahitaji jioni moja, subira kidogo, na kuelewa mambo mawili matatu ambayo huwatesa wasee wengi wanaoanza. Twende nayo mos mos.

Vekta ni nini?

Picha ya simu imejengwa kwa pikseli, yaani vidoti vidogo vya rangi vilivyopangwa kama matofali. Ukiivuta iwe kubwa, unaanza kuona matofali yenyewe. Picha inakuwa na ukungu na kingo zinakuwa na meno.

Vekta haijui matofali. Yenyewe inakumbuka nukta na mistari inayoziunganisha: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Ukiikuza kutoka saizi ya stika hadi saizi ya ubavu wa mathree, kompyuta inapiga hesabu upya na mstari unabaki msafi.

Ndiyo maana ni poa kuanzia na vekta. Mchoro wako unakaa kama mama wa brashi. Leo unatoa brashi ya pikseli 500, kesho client anataka kitu kikubwa, unarudi kwa mama na kutoa ya 2000. Huchori upya.

Brashi ni za aina mbili, usizichanganye

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hivyo shika hii mapema.

Ya kwanza ni brashi ya muhuri. Iko kwa Krita, Photoshop, Procreate na GIMP. Unaipa picha moja, na unapopiga mstari programu inagonga picha hiyo tena na tena kama muhuri wa ofisi ya chifu. Mihuri ikikaribiana sana inaonekana kama mstari mmoja. Ikiachana, unaona kila umbo peke yake.

Ya pili ni brashi ya vekta. Iko kwa Illustrator, na Inkscape ina njia yake ya kufanya kitu hicho hicho. Hapa umbo lako linanyooshwa au kurudiwa kufuata mstari, na matokeo yanabaki vekta. Ni noma kwa border, fremu na kamba za urembo.

Mchoro mmoja unaweza kuzaa brashi zote mbili. Tutafanya hivyo.

Vifaa

• Inkscape: ya kuchora vekta. Ni ya bure na imekuwepo tangu 2003. Inaingia kwa Windows, Mac na Linux.
• Krita: ya kupaka rangi. Pia ni ya bure.
• Mausi inatosha kwa kuanza. Tableti ya kuchorea ni bonasi.
• Karatasi na kalamu, kama mkono wako unaongea vizuri zaidi hapo.

Kuhusu zile programu za kulipia ambazo watu hupeana "crack" kwa flash disk: achana nazo. Crack ni mlango wa nyuma uliofunguliwa na mtu humjui, kwa laptop hiyo hiyo yenye kazi za client na password zako. Na kwa kazi ya leo, hizi mbili za bure zinafika.

Tuchore nini? Korosho

Tunahitaji mfano ambao kila mtu ameuona nyumbani: korosho ya kanga. Ni lile umbo kama tone lenye mkia uliopinda. Ni umbo zuri la kujifunzia kwa sababu lina upande mnene, upande mwembamba na mkunjo. Ukiliweza hilo, majani, manyoya na miali ya moto ni mteremko.

Kanga pia inatupa somo la bure la design. Ina sehemu tatu: pindo, ambalo ni border ya kuzunguka, mji, ambao ni uwanja wa katikati, na jina, yale maneno ya kupasha. Brashi ya muhuri ni ya kumwaga maua kwenye mji. Brashi ya vekta ni ya kuzungusha pindo. Ukikumbuka hivyo hutachanganya tena.

Hatua ya 1: Kuchora kwa Inkscape

1. Fungua ukurasa mpya. Ingia "File", kisha "Document Properties", uweke pikseli 1000 kwa 1000. Mraba ni muhimu, kwa sababu brashi ikizungushwa inabaki na usawa.

2. Chora mstatili mweupe, bila mstari wa nje, ufunike ukurasa wote. Huu ni ukuta wa nyuma. Ufunge kwa leya yake ili usiusogeze bila kujua.

3. Kwa leya mpya, shika kalamu ya Bezier kwa kubonyeza B. Bonyeza mahali ncha ya mkia inaanzia, halafu bonyeza na uvute upande mnene ili mstari upinde. Endelea hadi urudi pale ulipoanza. Nukta nne au tano zinatosha. Msee anayeanza huweka nukta thelathini na umbo linakuwa na vinundu kama barabara ya mtaa baada ya mvua. Nukta chache, mkunjo laini.

4. Bonyeza N urekebishe nukta moja moja. Vuta zile mikono zake ndogo mpaka mkunjo ukubambe.

5. Weka rangi ya ndani nyeusi tii na uondoe mstari wa nje. Ukitaka tundu au ua dogo ndani ya korosho, lichore juu, chagua maumbo yote mawili, halafu "Path" na "Difference". Tundu linakatwa kabisa.

6. Acha nafasi kidogo kila upande. Umbo likigusa ukingo wa ukurasa, brashi itatoka ikiwa imekatwa kama chapati iliyoumwa.

Umechora kwa karatasi? Poa. Tumia kalamu nyeusi kwa karatasi nyeupe, piga picha mahali pana mwanga sawasawa, iingize Inkscape, kisha "Path" na "Trace Bitmap". Sogeza kile kipimo cha mwanga mpaka vivuli vya karatasi vipotee na mchoro ubaki. Baadaye futa ile picha ya simu iliyo chini. Ukiona nukta ni nyingi, "Simplify" itazipunguza, lakini usiibonyeze mara tano hadi korosho igeuke kiazi.

Save hii faili kama SVG. Hiyo ndiyo mama. Usiipoteze.

Hatua ya 2: Kutoa picha

Ingia "File", "Export", chagua ukurasa mzima, PNG, pikseli 1000. Ipe jina linaloeleweka, kama korosho-nene-01. Ukiita "brashi mpya final final 2", wiki ijayo hutajua ni gani.

Cheki picha yako: korosho nyeusi, nyuma nyeupe. Na hapa kuna siri ambayo imewaliza wengi. Kwa Krita, Photoshop na GIMP, nyeusi ndiyo inapaka, nyeupe haipaki, na kijivu kinapaka nusu nusu. Procreate ni kinyume: nyeupe ndiyo inapaka na nyeusi inajificha. Ukipeleka picha ile ile kule bila kugeuza rangi, utapata mraba mzito wenye tundu la korosho, na utadhani programu imeharibika. Haijaharibika. Geuza tu rangi.

Hatua ya 3: Kuingiza Krita

1. Fungua Krita, ukurasa wowote mtupu. Chagua brashi ya kawaida, zile za "Basic".
2. Bonyeza F5. Dirisha la brashi litafunguka.
3. Upande wa "Brush Tip" chagua "Predefined". Hapo utaona orodha ya ncha na kitufe cha kuingiza faili. Leta PNG yako.
4. Hakikisha brashi inasoma picha kama "Alpha mask". Maana yake: tumia umbo, sahau rangi. Sasa korosho itatoka kwa rangi yoyote utakayochagua.
5. Jaribu pale pembeni. Ukiridhika, "Save New Brush Preset", ipe jina na picha ndogo.

Hongera, hiyo ni brashi. Lakini kwa sasa labda inatoa mstari mweusi mnene kama nyoka aliyemeza mbuzi. Hiyo ni kawaida. Kazi ya kweli inaanza hapa.

Hatua ya 4: Kuitune

Vipimo ni vingi, lakini vinne ndivyo vinabeba mzigo.

• Nafasi, au "Spacing". Hii ni umbali kati ya muhuri na muhuri. Ondoa "Auto" na uweke 1.0. Sasa kila korosho inakaa kando ya mwenzake. Fikiria mstari wa pikseli 1000 na brashi ya pikseli 100: kwa 1.0 kompyuta inagonga mihuri kama kumi, kwa 0.1 inagonga kama mia moja. Ndiyo maana nafasi ndogo hufanya laptop dhaifu ianze kukohoa.

• Mzunguko, au "Rotation". Washa na uchague "Drawing Angle". Korosho sasa zinafuata mkono wako, zikipinda unapopinda. Ukitaka zigeuke ovyo kama majani yaliyopeperushwa, chagua "Fuzzy Dab".

• Kutawanya, au "Scatter". Inarusha mihuri mbali na mstari. Kidogo inaleta uhai. Nyingi inaleta vurugu.

• Saizi kwa mkandamizo, "Size" na "Pressure". Hii ni ya wenye tableti: ukikandamiza inanenepa, ukilegeza inakonda. Wa mausi hawataona tofauti, na hakuna neno.

Badilisha kipimo kimoja, piga mstari, angalia. Kisha kingine. Ukibadilisha vinne kwa mpigo na mambo yaharibike, hutajua mchawi ni nani.

Kwa korosho moja tayari una brashi tatu: ya mstari wenye 1.0 na "Drawing Angle", ya kumwaga yenye "Fuzzy Dab" na kutawanya, na ya texture yenye nafasi ndogo na rangi hafifu. Save kila moja kwa jina lake.

Ukiwa na programu nyingine

Photoshop: fungua PNG, nenda "Edit", kisha "Define Brush Preset". Mzunguko unapatikana kwa "Shape Dynamics", chagua "Direction". Photoshop haibebi rangi ya picha, inachukua weusi na weupe tu.

GIMP: geuza picha iwe "Grayscale", kisha itoe kama faili ya .gbr ndani ya folda ya brashi. Ukiiacha na rangi, brashi itapaka rangi hizo hizo milele.

Procreate: hii ni ya iPad peke yake. Fungua brashi mpya, ingia "Shape", leta picha yako ambayo umeshageuza: korosho nyeupe, nyuma nyeusi. Tangu toleo la 5, Procreate inafungua pia brashi za Photoshop za .abr.

Hatua ya 5: Pindo, brashi inayobaki vekta

Turudi Inkscape kwa ile SVG. Safari hii hatuhitaji ukuta mweupe.

1. Laza korosho iwe mlalo, mkia kushoto na tumbo kulia. Umbo litanyooshwa kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hivyo likisimama wima litatoka limebonyea.
2. Kama umbo lina vipande kadhaa, vichague na uviunge kwa "Path" na "Combine". Inahitajika njia moja tu.
3. Bonyeza Ctrl na C kulinakili.
4. Bonyeza P ushike penseli. Juu kabisa, kwa "Shape", chagua "From clipboard".
5. Piga mstari. Korosho yako inanyooka kufuata mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa pindo hutaki korosho moja ndefu, unataka msururu. Fungua "Path Effects", tafuta "Pattern Along Path", na kwa idadi ya nakala chagua "Repeated, stretched". Zinajipanga foleni na kujaza mstari wote bila kubakisha mwanya mwishoni.

Angalizo la kona: njia hii haipendi kona kali. Korosho itavunjika mgongo. Chora pande nne za pindo kando kando, halafu weka ua moja la kufunika kila kona. Ukicheki kanga nyumbani utaona wachoraji wengi wa zamani walifanya kitu kama hicho.

Wenye Illustrator wana raha hapa. Ile brashi inayoitwa "Pattern" inakubali kigae cha upande na kigae cha kona tofauti. Zingatia mawili: usitumie rangi za kufifia yaani gradienti, kwa sababu brashi itakataa, na chora kwa nyeusi kisha uweke "Tints", ndipo utaweza kubadilisha rangi baadaye.

Ikikataa, soma hapa

• Brashi inapaka mraba mzima: rangi zimegeuka, au ukuta wa nyuma si mweupe tii. Geuza, au panga weusi na weupe upya.
• Inatoka hafifu kama imechujwa: ulitumia kijivu badala ya nyeusi.
• Kingo zina meno: ulitoa PNG ndogo halafu ukaikuza. Rudi kwa mama, toa kubwa.
• Laptop inakwama: toa picha ya pikseli 500, ongeza nafasi.
• Inkscape haionyeshi kitu baada ya kupiga mstari: umbo bado ni kikundi. Livunje kwa "Ungroup", kisha "Combine".

Na hii ni mali ya nani?

Usiruke hii sehemu, hapa ndipo doo huingia au kupotea.

Mchoro ulioutoa kichwani ni wako. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001, kazi ya sanaa inalindwa ukishaichora, hata kabla ya kujiandikisha popote, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chako. Ukitaka ushahidi wa kuonyesha siku ya ngori, KECOBO husajili kazi kwa wanaotaka.

Lakini upanga unakata kuwili. Ukichukua kanga ya dukani ukaipiga picha, ukaitrace nukta kwa nukta na kuuza kama brashi, hiyo ni kazi ya mtu. Kanga nyingi za Mombasa zina maandishi madogo ukingoni, "Mali ya Abdulla", alama ya Kaderdina Hajee Essak. Wale walijua zamani sana kwamba design ni mali na mali huandikwa jina. Umbo la korosho kwa jumla ni la kila mtu. Mpangilio kamili wa kanga fulani ni wa aliyeuchora. Chora korosho yako.

Na kabla hujageuza urembo wa shanga au alama za jamii fulani kuwa pakiti ya kuuza, jua kuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Wenyewe wapo. Uliza kwanza.

Ukiuza au kupeana, andika ndani ya folda faili fupi: jina lako, mwaka, na kile mtu anaruhusiwa kufanya. Atumie kwa kazi ya client? Sawa. Auze tena brashi zenyewe? Hapana. Mistari mitatu inakuokolea kelele nyingi WhatsApp. Peana brashi tayari, lakini ile SVG ibaki kwako.

Homework ya weekend

Usianze na pakiti ya brashi hamsini. Chora maumbo matatu tu: moja nene, moja jembamba, moja la vidoti. Toa brashi mbili kwa kila moja, ya muhuri na ya vekta. Hizo ni sita. Halafu tengeneza poster moja ukitumia hizo sita peke yake, bila kugusa ile pakiti ya bure ya kila mtu.

Iweke kando ya poster yako ya mwezi jana. Ya leo ndiyo yenye sahihi yako.